Mapishi ya sikukuu za Kiyahudi: anza na katazo, resipe itafuata

Jamani habari za mchana, asanteni sana kufika, najua kwa mtu anaeoka nyumbani Jumamosi ndo siku ya oda za keki. Nimeombwa niongelee mapishi ya sikukuu za Kiyahudi na jinsi ya kuoka kosheri nyumbani, yaani kwa kufuata sheria zao za chakula. Mimi mwenyewe si Myahudi, nilikua mpishi kwenye nyumba ya familia moja inayoshika dini sana huko Brooklyn, New York, na mama mwenye nyumba ndo alienifundisha mengi ya haya, mengine nimeyasoma baadae. Na nna jambo moja tu la kusema leo: ukitaka kuelewa kwanini chakula fulani cha sikukuu yao kiko vile kilivyo usianze na resipe, anza na katazo. Karibu kila kitu kitamu nilichojifunza pale kimezaliwa na kitu ambacho huruhusiwi kufanya.

Tuanze na lile kubwa. Kwenye Torati sehemu 3 panasema usimpike mwanambuzi kwenye maziwa ya mama yake, mara mbili kwenye Kutoka na mara moja Kumbukumbu la Torati. Marabi, yaani walimu wa sheria yao, wakaipanua, nyama na maziwa visipikwe pamoja wala visiliwe pamoja, kwahiyo jikoni unakuta sufuria za nyama na sufuria za maziwa, visu vya huku na vya huku, sahani mbali mbali, na wenye uwezo wanaweka hata sinki mbili. Na ukishakula nyama unasubiri kabla hujagusa maziwa, wengi wenye asili ya Ulaya Mashariki wanasubiri masaa 6, wa Ujerumani 3, wa Uholanzi saa 1.

Sasa nyinyi ni watu wa keki, hebu fikirieni hapo. Mlo wa sikukuu jioni mara nyingi ni nyama, kuku wa kuoka au nyama ya ng'ombe iliyopikwa taratibu mpaka ikalainika, alafu mwishoni unataka ulete kitu kitamu mezani. Keki ya siagi haiwezekani. Krimu haiwezekani. Hata kijiko kimoja cha maziwa ya unga hakiwezekani. Keki lazima itoke kwenye lile kundi la tatu linaloitwa pareve, ambalo si nyama wala si maziwa, humo ndo kuna unga, mayai, sukari, asali, matunda, njugu, mafuta ya mimea. Kwahiyo swali la kwanza la mokaji wa kosheri sio keki ya ladha gani, ni mafuta gani na italiwa baada ya nini.

Na hili la mafuta lina historia yake. Wayahudi wa Ulaya Mashariki walikua wanapikia mafuta ya kuku na bata bukini, wanayaita shmaltsi, hayo ni nyama. Siagi ni maziwa. Katikati hapo palikua padogo sana, na ndo maana Crisco ilipotoka Marekani mwaka 1911, mafuta magumu ya mbegu za pamba yasiyo na nyama wala maziwa, kampuni iliwafuata Wayahudi moja kwa moja kwenye matangazo na mwaka 1933 ikatoa kijitabu cha mapishi chenye Kiingereza na Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Siku hizi wengi wanatumia majarini, ila msome lebo jamani, majarini nyingi zina maziwa ndani. Mimi nawaambia ukweli majarini kwenye keki siipendi, inaacha utando mdomoni, bora mafuta ya maji kabisa, na kwenye krimu na kastadi tumia tui zito la nazi ambalo sisi tumekua nalo toka utotoni na waokaji wa kosheri wengi sasa wanalitegemea.

Mnaona keki ya asali ya mwaka mpya wao, Rosh Hashana, inayoangukia Septemba au mwanzoni mwa Oktoba? Ile ni mafuta ya maji, asali nyingi, kahawa nyeusi kali au chai, mdalasini, karafuu, tangawizi. Haina hata tone la maziwa na hauoni pengo lolote, na kwasababu ni mafuta na asali haikauki, unaoka siku mbili kabla na inazidi kuwa nzuri. Asali ni kuombea mwaka mtamu, wanachovya na vipande vya tufaha, na hata mkate wao wiki hizo unazungushwa duara badala ya kusukwa mrefu.

Basi tuje kwenye mkate wenyewe, hala. Huu ndo ningependa muuoke nyumbani. Unga wa ngano kilo 1, hamira kavu ya chenga gramu 12 hivi, sukari gramu 120, chumvi vijiko vidogo vitatu, mayai 3, mafuta ya maji mililita 120, maji ya uvuguvugu kama mililita 380, anza na pungufu kidogo kwasababu unga unatofautiana. Kanda dakika 10 mpaka donge liwe laini na likivutwa lisikatike haraka, acha liumuke mara mbili, gawanya, suka nyuzi tatu au sita, acha tena nusu saa, paka yai, oveni nyuzi 180 kwa dakika 30 mpaka 35. Ndo hivyo. Hauna siagi wala maziwa, na hapo tena kuna katazo, marabi walikataza mkate wa kawaida kutiwa maziwa kwasababu mkate unaliwa na kila kitu, mtu atasahau aulie na nyama. Ulaini wote ule unatoka kwenye mayai na mafuta.

Kuna mambo mawili ya kosheri humo ndani ambayo resipe za mtandaoni zinayaruka. Kwanza kila yai linapasuliwa peke yake kwenye glasi, unaangalia, likiwa na damu unatupa, kwasababu damu hailiwi, na unga unachekechwa kuangalia wadudu. Pili ukikanda unga mwingi, kuanzia kama kilo 1.2, unatoa kipande kidogo cha donge, na ukifika karibu kilo 1.7 unakitoa pamoja na baraka yake. Ni amri ya Hesabu 15, zamani sehemu hiyo ilikua ya makuhani, Hekalu la Yerusalemu lilipobomolewa mwaka 70 haikuliwa tena ila kutoa hawakuacha, kipande kinafungwa kwenye foili na kuunguzwa. Yule mama alikua anataka nikande unga zaidi ya kilo 2 kila Alhamisi makusudi ili afikie kiasi cha baraka, anakuja, ananawa, anasimama pale anaomba, anaombea hadi watu wa nyumba yangu kwa majina, na mimi nasubiri na unga wangu. Sijawahi kuona jiko likiheshimiwa namna ile.

Na oveni anawasha yeye. Hili watu huwa wananiuliza sana. Sheria yao inasema chakula kilichopikwa na asie Myahudi peke yake kina katazo, wa upande wa Ulaya, Waashkenazi, wanaridhika Myahudi akiwasha moto, wa upande wa Kisefaradi, wenye asili ya Hispania, wengi wanataka hata sufuria aiweke yeye motoni. Kwahiyo nimekanda, nimesuka, nimepaka yai, namwita anakuja kugeuza kitufe. Sikuona kama nadharauliwa, ni jiko lao na ibada yao, na kazi ya mikono yangu ilikua mezani kila wiki.

Shabati sasa, siku yao ya mapumziko, kuanzia Ijumaa kabla jua halijazama mpaka Jumamosi nyota zikitoka, hakuna kuwasha moto wala kupika. Lakini watu wanataka chakula cha moto Jumamosi mchana! Basi Wayahudi karibu kila nchi walikoishi wakatafuta chungu kinachoingia motoni Ijumaa kikiwa kimeshaanza kuiva na kukaa usiku kucha kwenye joto dogo. Polandi ni cholenti, maharage na shayiri na nyama na viazi. Moroko ni dafina yenye ngano na mayai mazima yanayogeuka rangi ya kahawia. Iraki ni tibiti, kuku kajazwa wali. Na ya Yemeni ndo iliyoniteka mimi, jahnuni, donge linavutwa jembamba hadi unaona meza chini yake, linapakwa mafuta, linakunjwa na kuviringishwa kama tunavyofanya chapati za maji ya moto zenye tabaka, kisha badala ya kukaangwa vipande vinapangwa kwenye sufuria yenye mfuniko unaobana na kuachwa kwenye oveni ya moto mdogo saa 10 au 12, asubuhi vimekua vya kahawia na vitamu bila sukari kuongezwa nyingi, vinaliwa na nyanya ya kukwaruza, yai la kuchemsha na pilipili yao ya kusaga. Mwaka 1949 na 1950 karibu Wayahudi 49,000 wa Yemeni walipelekwa Israeli kwa ndege na jahnuni ikaenda nao, leo ni kifungua kinywa cha Jumamosi cha nchi nzima.

Pasaka yao, sio ile ya Wakristo, ndo mtihani wa mokaji. Siku 7 Israeli, 8 kwa wengi walioko nje, hakuna chochote cha ngano, shayiri, rai, oti wala spelti (aina ya ngano ya zamani) kilichopata kuumuka, wala kuliwa wala kukaa nacho, nyumba inasafishwa hadi mifuko ya makoti, vyombo vya mwaka mzima vinafungiwa na vya Pasaka vinatolewa. Mkate pekee ni matsa, unga na maji tu, na kuanzia maji yakigusa unga una dakika 18 iwe imeshaokwa. Nimeona matsa za mkono zikitengenezwa Brooklyn, watu wamejipanga kwenye meza ndefu, mmoja anamimina maji chumba cha pembeni, wengine wanasukuma, mwingine anatoboa, mwingine yuko tanurini na fimbo ndefu, kila raundi meza zinabadilishwa karatasi na vijiti vinasuguliwa upya. Wayahudi wa Yemeni wao ya kwao ni laini inakunjika.

Keki ya Pasaka unainuaje bila unga na bila hamira? Kwa mayai. Unapiga ute mpaka usimame, unakunja taratibu na viini, sukari, wanga wa viazi na lozi za kusaga au unga wa matsa, maana matsa ikishaokwa haiumuki tena, ingawa Wahasidi wengi, kundi la Wayahudi wanaoshika dini sana, hawagusi matsa iliyolowa mpaka siku ya mwisho. Mayai 8 au 10 kwenye keki moja ni kawaida kabisa. Wali, mahindi na maharage hapo wanatofautiana, Wasefaradi wengi wanakula, Waashkenazi kwa mila hawali, ila mwaka 2015 kamati ya sheria ya marabi wa Konsavativu, moja ya madhehebu yao huko Marekani, iliruhusu.

Hanuka, sikukuu yao ya kuwasha taa, ni vyakula vya mafuta kwasababu ya yale mafuta yaliyowasha taa ya Hekalu, maandazi ya jemu na viazi vya kukwaruza vya kukaanga, na hata hapo utasikia swali lile lile, leo mlo ni wa nyama basi weka sosi ya tufaha, leo ni wa maziwa basi weka maziwa mgando mazito. Shavuoti, sikukuu ya kukumbuka kupewa Torati, ndo siku siagi na jibini vinapata nafasi yao, keki ya jibini mjazane nayo.

Na msidhani haya yako mbali. Karibu na Mbale, Uganda, kuna Abayudaya, jamii ya Kiyahudi iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, wakapigwa marufuku kuabudu enzi za Idi Amin na bado wapo, rabi wao Gershom Sizomu alipewa urabi Los Angeles mwaka 2008. Matoke, maharage, mchicha, tui la nazi, vyote hivyo kwa asili yake ni pareve.

La mwisho ni la vitendo. Ukialikwa kwenye nyumba inayoshika kosheri usibebe keki uliyooka kwako, hata kama hukuweka siagi, kwasababu trei yako na oveni yako vimepita mengi na mwenyeji atapata shida kukukatalia. Beba matunda mazima, au kitu cha dukani kilichofungwa chenye alama ya kosheri, ile ya U ndani ya duara ndo inajulikana zaidi, ikiwa na D pembeni ina maziwa, kwahiyo uliza kwanza kama mlo ni wa nyama. Haya, nimeona mikono imenyooshwa huko nyuma, dada wa kitenge cha bluu tuanze na wewe.