Kinyama cha Tezi ya Uzazi: Kosa Hutangulia Hadubini

Waheshimiwa madaktari wa upasuaji, wenzangu wa patholojia, na ninyi wanafunzi, nitakalolisema leo nimekwisha kulisema katika kumbi nyingi, na sitaacha kulisema maadamu chupa zile zile bado zinanifikia. Ni chupa ya formalini, dawa ya kuhifadhi tishu, yenye kinyama, yaani kipande cha tezi ya uzazi kilichokatwa ili kipimwe, kisichozidi punje ya mchele, pamoja na fomu iliyoandikwa neno moja tu, "tezi". Fomu haisemi mtoto huyo, ambaye jinsia yake haiko wazi, ana umri gani, kromosomu zake zimesomekaje, wala kama tezi ilikutwa tumboni, kwenye kinena au katika mfuko wa pumbu. Kisha nadaiwa jibu: huyu ni wa kiume au wa kike?

Tangu mwaka 1876, Edwin Klebs alipowagawa mahuntha kuwa wa kweli na wasio wa kweli kwa kuangalia tishu za tezi zao, tumebaki tukiamini kwamba hadubini humtambua mtu. Hadubini huitambua tishu, tena ile tu iliyowekwa chini yake.

Mtoto mmoja aliletwa akiwa na tezi upande wa kulia, ikakatwa kipande kidogo kwenye ncha moja. Niliona mirija ya mbegu za kiume, nikaandika kwamba ni korodani, nikatia saini. Alipobalehe akaota matiti, na kila mwezi akawa anakojoa damu. Kipande cha pili, kilichokatwa kwa urefu wa tezi ile ile, kilikuwa na mirija upande mmoja na vifuko vya mayai upande wa pili. Ilikuwa ovotestisi, yaani tezi moja yenye tishu za korodani na za ovari pamoja, ambayo mara nyingi tishu zake mbili hukaa ncha kwa ncha, na safari nyingine sehemu ya korodani hujificha ndani, pale mishipa inapoingilia. Anayedonoa ncha moja atapata jibu la ncha hiyo, na mtoto atalelewa kwa jibu hilo.

Mtaniambia kwamba kukata kwa urefu kunaidhuru tezi changa. Kipande chembamba, chenye kina cha kutosha, kinachotoka ncha hadi ncha, huiachia tezi sehemu yake kubwa. Linalomdhuru mtoto ni kurudishwa kwenye meza ya upasuaji na kupewa nusukaputi mara ya pili kwa sababu kipande cha kwanza hakikutosha. Wala sikusema kila mtoto akatwe! Mtoto mwenye kromosomu XX, ambazo kwa kawaida ni za kike, ambaye tezi zake hazipapasiki apimwe kwanza homoni ya 17-hidroksiprojesteroni, pamoja na chumvi za damu, sodiamu na potasiamu, kwa kuwa kasoro ya kurithi ya tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, inaweza kumuua katika wiki zake za mwanzo huku sisi tukingoja majibu ya kinyama ambacho hakikuhitajika hata kidogo.

Muda unanibana, kwa hiyo mengine nitayagusa tu. Tishu inayofanana na ya ovari lakini isiyo na vifuko vya mayai isiitwe ovari. Tezi iliyoumbika vibaya kwa mwenye kromosomu Y, ile ya kiume, huweza kuota gonadoblastoma, uvimbe unaoweza kugeuka saratani, na hapo tusichelewe. Lakini kwa mtu ambaye mwili wake hauitikii kabisa homoni za kiume, hatari ya saratani kabla ya balehe ni ndogo, na haraka ya kuziondoa tezi haina msingi. Rangi ya OCT3/4, tunayoitumia kutafuta seli za saratani, kwa mtoto mchanga isomwe kwa uangalifu, kwa maana seli changa za kawaida nazo huishika.

Kwenu wapasuaji nina ombi moja: kabla ya kukitumbukiza kipande katika formalini, fungeni uzi kwenye ncha yake ya juu, na katika fomu muandike uzi umefungwa wapi, tezi ilikuwa upande gani, na mliona nini kando yake, iwe ni mji wa mimba, mrija wa falopia au mrija wa mbegu.