Jinsi ya kupima nyuropilini-1 kwenye seli za mishipa ya damu

Karibuni. Leo tunatafuta nyuropilini-1, kipokezi (protini inayopokea ishara) cha juu ya seli, kwa Western blot: protini hutenganishwa kwenye jeli, huhamishiwa kwenye karatasi, kisha kingamwili huitambua tunayoitaka. Mshipa wa damu unapochipua, kipokezi hiki hushika VEGF-A165, protini inayochochea ukuaji wa mishipa, na kukisaidia kipokezi kingine, VEGFR2. Neva inapotafuta njia, kipokezi hushika semaforini 3A, protini ya kuelekeza neva, kikishirikiana na pleksini, kipokezi mwenzake. Karibu mwili wake wote uko nje ya seli, kwa hiyo kosa la mapema huwezi kulirekebisha baadaye.

Anza na sahani ya sentimita 10 iliyojaa seli. Usizibandue kwa tripsini, kimeng'enya cha kubandua seli! Tripsini hukata protini za nje, halafu utakosa mkanda (mstari unaoonyesha protini) na kulaumu kingamwili bure. Suuza mara mbili kwa PBS (maji ya chumvi) baridi, weka maikrolita 300 za bafa ya RIPA, ya kupasua seli, yenye vizuizi vya protease (vimeng'enya vinavyokata protini), kwangua sahani ikiwa juu ya barafu. Subiri dakika 20, zungusha kwa 14,000 g dakika 15 kwa nyuzi 4, chukua maji ya juu.

Pima protini, kisha changanya maikrogramu 30 na bafa ya LDS yenye DTT, inayokunjua protini, na uipashe moto. Nairobi iko juu, maji huchemka karibu nyuzi 94. Ukiweka 95, vifuniko hufumuka na sampuli humwagika. Nyuzi 70 kwa dakika 10 zinatosha.

Tenganisha protini kwa umeme kwenye jeli ya asilimia 7.5, maana mkanda wetu uko karibu kilodaltoni 130 (kipimo cha uzito wa protini). Lowesha karatasi ya PVDF, ya kunasa protini, kwa methanoli, hamishia protini humo kutoka kwenye jeli kwa volti 100 dakika 90, tangi likiwa kwenye barafu. Pitisha umeme kwenye UPS (betri ya akiba): ukikatika katikati, protini ndogo zitakuwa zimehama na kubwa zimebaki ndani ya jeli.

Loweka karatasi: maziwa asilimia 5 saa moja, kingamwili ya kwanza (inayoshika nyuropilini-1) 1:1000 usiku kucha kwa nyuzi 4, suuza kwa bafa ya TBST mara tatu, kingamwili ya pili (inayoshika ya kwanza) saa moja, kisha ECL, dawa inayotoa mwanga penye mkanda.

Ukiona ukungu juu ya kilodaltoni 250, usiupuuze. Seli za misuli laini ya mishipa, kwa mfano, hukiongezea kipokezi hiki minyororo mirefu ya sukari, kikawa kizito. Mkanda wa karibu kilodaltoni 90 unaweza kuwa kipande kilichooza, au umbo lisilo na mguu (sehemu ya kujishikiza kwenye seli) ambalo seli hulitoa nje. Ili kutofautisha, pima pia maji ya kukuzia seli, lakini yawe hayana seramu, la sivyo albumini, protini iliyojaa humo, itavuruga mistari ya jeli.