Bima, Homa na Masomo ya Ujerumani

Ndugu wazazi na walezi, nanyi vijana mnaojiandaa kwenda kusoma Ujerumani, nawashukuru kwa kunialika. Muda huu nimeomba niutumie kwa jambo ambalo familia nyingi huliacha hadi viza na tiketi zimeshapatikana, nalo ni bima ya matibabu.

Bima ya safari ambayo mwanafunzi huiambatanisha na maombi ya viza si bima atakayoitumia wakati wa masomo. Humkinga siku za mwanzo tu, kwani akishaandikishwa chuoni sheria humtaka awe na bima ya afya ya umma, au athibitishe kuwa amesamehewa. Aliye chini ya miaka 30 hulipa mchango nafuu wa wanafunzi, ambao pamoja na bima ya uangalizi, yaani ya kumhudumia mtu asiyeweza kujitunza mwenyewe, ni kiasi cha yuro 140 hadi 150 kwa mwezi. Kwa mchango huo hutibiwa kwa kadi, hulazwa, huhudumiwa magonjwa ya akili, na kwa dawa alizoandikiwa kwa kawaida huongeza yuro 5 hadi 10 tu.

Najua kiasi hicho ni kizito kwa mzazi anayetuma fedha kutoka Mbeya au Eldoret, na ndiyo sababu bima binafsi za bei ya chini huwavutia wengi. Nawasihi msizikimbilie. Anayeichagua bima hiyo mwanzoni mwa masomo huomba kusamehewa bima ya umma, na msamaha huo haufutwi hadi amalize masomo hayo. Tena nyingi kati yake hazilipii maradhi aliyokuwa nayo mtu kabla ya kusafiri; kwa kijana mwenye selimundu, pumu au kisukari, huko ni kukosa bima mahali hasa anapoihitaji. Aliyetimiza miaka 30 hana haki ya mchango wa wanafunzi, kwa hiyo aulizie gharama yake kabla hajathibitisha nafasi ya chuo.

Mchango usilimbikizwe. Deni likifikia miezi miwili, bima inaweza kusimamisha huduma nyingi, ikibakiza hasa za dharura na maumivu makali, na chuo kinaweza kukataa kumwandikisha muhula unaofuata. Fedha za bima zitengwe pamoja na kodi ya chumba, kabla ya matumizi mengine yote.

Sasa niseme juu ya homa, kwa sababu hapa vijana wetu hupoteza maisha bila sababu. Aliyekulia Mtwara au Kisumu huwa na kinga kiasi dhidi ya malaria, lakini kinga hiyo hupungua anapoishi mbali. Akija likizo akaumwa na mbu, ugonjwa unaweza kujitokeza wiki kadhaa baada ya kurudi chuoni, naye akadhani ni mafua ya baridi. Daktari wa Leipzig huona mafua kila siku na malaria kwa nadra sana. Mgonjwa mwenyewe ndiye aseme, tena mwanzoni, kwamba ametoka eneo lenye malaria na anaomba apimwe damu siku hiyo hiyo, maana malaria kali huua ndani ya siku chache. Zahanati zikiwa zimefungwa apige 116117. Hali ikiwa mbaya, 112. Na kabla ya likizo amwone daktari kuhusu dawa za kinga, hata kama wenzake watamcheka kwamba anaogopa mbu wa kwao.

Limebaki jambo moja zito. Bima ya umma ya Ujerumani hailipii mazishi wala kusafirisha maiti, na ndiyo maana jumuiya zetu huko hulazimika kuchangishana msiba unapotokea. Ipo bima ya ziada inayogharamia usafirishaji huo. Wazazi, iulizieni mapema, na jibu mlipate kwa maandishi kabla ya kulipa.