Mgao wa Maji na Yanayotokea Ndani ya Bomba

Mabibi na mabwana, mto ukipungua jiji lina njia mbili za kubana maji. Ya kwanza tunaijua: mgao. Oktoba 2022 uzalishaji wa Dar es Salaam ulishuka kutoka lita milioni 466 kwa siku hadi 300, mitaa ikapangiwa zamu. Ya pili ni kushusha presha bila kufunga bomba, na ndiyo ninayoitetea leo.

Tazameni laini iliyofungwa siku mbili. Maji ya mlimani hushukia bondeni, nyuma yake hubaki ombwe. Ufa uliokuwa ukivujisha nje sasa unanyonya ndani: tope, maji ya mtaro na, kama shimo la choo liko jirani, mnajua wenyewe. Pampu iliyofungwa moja kwa moja kwenye laini huzidisha mnyonyo. Zamu ikirudi, maji husukuma hewa mbele yake. Mita inazunguka, mteja analipia upepo. Fundi akifungua valvu kwa pupa, maji hugonga na viungo huachia. Afungue kidogo, asubiri hewa iishe, ndipo aendelee. Nyumbani, maji ya kwanza yaingie ndoo za kudekia. Yakitakata, jazeni simtanki.

Cape Town, katika ukame wa 2015 hadi 2018, ilitegemea sana presha. Valvu ya kupunguza presha hufungwa kwenye lango la eneo, yaani bomba linaloingiza maji humo, ikitanguliwa na chujio. Tundu la bomba la chuma, presha ikishuka nusu, huvuja pungufu kwa takriban asilimia 30. Plastiki iliyopasuka kwa urefu hufaidi zaidi, maana ufa wenyewe hujibana. Sisemi valvu peke yake ziliokoa jiji: kulikuwa na bei kali, na kuanzia Februari 2018 kikomo cha lita 50 kwa mtu kwa siku. Kwa jumla, matumizi yalishuka kutoka takriban lita bilioni 1.2 kwa siku hadi karibu nusu bilioni.

Gharama ipo. Baa moja, kipimo cha presha, hupandisha maji takriban mita 10 tu, kwa hiyo wa ghorofa ya nne atahitaji tangi chini na pampu yake. Na eneo lazima liwe limefungika kweli, maji yasiingie ila kwa lango lake. Usiku wa manane funga lango, soma geji ya presha ndani ya eneo. Isiposhuka hadi sifuri, kuna valvu ya mpakani iliyosahauliwa wazi. Itafuteni hiyo kabla ya kununua kifaa chochote.