Karatasi ya shamba nililonunua nikiwa Muscat

Asalaam alaikum ndugu zangu wa Mtwara na Lindi. Wakubwa wote, shikamooni. Huku Muscat ni saa nne usiku, ndiyo kwanza nimetoka zamu, lakini wiki hii watu watatu wa nyumbani wameniuliza swali lile lile: "Nimeona shamba zuri, nitume hela?" Nimeona niwajibu wote kwa pamoja.

Ngoja niisogeze karatasi yangu ya shamba kwenye kamera. Hii nilitumiwa mwaka 2019 kwa WhatsApp. Ukurasa wa daftari la mistari, umechanika pale ulipokuwa umebanwa na pini. Kalamu ya bluu: nimemuuzia shamba langu lenye mikorosho 27, nimepokea shilingi milioni tatu na nusu. Chini kuna dole gumba la muuzaji, jina la binamu yangu na muhuri wa mwenyekiti wa kijiji. Basi. Nilipouona ule muhuri, roho ikatulia, nikalala.

Msimu wa korosho ulipofika, binamu akaenda kusafisha chini ya miti akakuta watu wanaokota. Kaka wawili wa muuzaji, na mjomba wao kakaa kivulini. Shamba lilikuwa la marehemu mama yao. Na mnajua kwetu, cha upande wa mama mjomba ana neno lake. Lakini hata tukiacha mila, sheria nayo ilikuwa upande wao. Mali ya marehemu anaiuza msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na yule bwana hakuwa na barua yoyote ya mahakama. Aliuza urithi ambao haujagawanywa.

Sasa ule muhuri. Jamani, nisikilizeni hapa. Mwenyekiti peke yake siyo Halmashauri ya Kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, inataka uhamisho wa hakimiliki ya kimila, yaani haki ya kumiliki ardhi ya kijiji kwa mila, uidhinishwe na Halmashauri ya Kijiji yenyewe. Yaani wajumbe wakae, ombi lako lijadiliwe, muhtasari uandikwe. Mahakama ya Rufani imeshasema mauziano ya ardhi ya kijiji bila idhini hiyo ni batili. Yangu yaligongwa muhuri barazani kwa mtu, jioni, wajumbe wengine hawana habari. Mpaka leo nimerudishiwa laki nane tu.

Kiwanja cha mjini, tuseme Shangani ya Mtwara au Mtanda kule Lindi, kina njia yake. Huko ni Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya 1999: mkataba wa mauziano uwe wa maandishi na uwe na sahihi ya yule utakayemdai. Maneno ya kwenye simu, hata kama mmekua pamoja, hayatakusaidia mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba. Kama kuna hati miliki, mtu wako aende kwanza kwa Msajili wa Hati afanye upekuzi, aone jina la nani limeandikwa na kama benki haijaishikilia kwa mkopo. Ushuru wa stempu nao ulipwe, maana mkataba usiolipiwa mahakama haiupokei kama ushahidi.

Na mwenza wa muuzaji! Hili linanikera sana. Nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mke au mume, Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema hivyo. Utaona mikataba mizuri, imechapwa, ina picha za pasipoti, mama mwenye nyumba hayupo popote. Mama huyo anapika uani wakati nyumba yake inauzwa sebuleni. Mwite, aulizwe, aweke sahihi yake mwenyewe.

Sisi tulio mbali, anayetusainia awe na hati ya uwakilishi tuliyoisaini mbele ya mthibitishaji wa nyaraka au ubalozini, siyo "kaka kasema nimwakilishe".

Bamdogo, najua unaangalia. Nakuheshimu, na lile shamba la njia ya Msimbati nalitaka kweli. Ila hela bado ninayo. Nipigie ukishapata nakala ya muhtasari wa kikao, na mke wa yule mzee anayeuza akishakwambia kwa mdomo wake kwamba ameridhia.