Jinsi ya kuhesabu vigawo vya 720,720 bila kalkuleta

Haya watu wangu karibuni, leo tuna namba moja tu, 720,720, na tunataka kujua ina vigawo vingapi, yaani ni namba ngapi zinaigawa bila kubaki kitu. Chukua peni na karatasi, kalkuleta weka pembeni.

Usikimbilie kugawa kwa 2. Iangalie kwanza, si unaona 720 imejirudia? Namba ya tarakimu sita ikijirudia hivyo tatu tatu, ujue ni zile tatu za mwanzo mara 1,001. Kwa hiyo hapa tuna 720 mara 1,001, na 1,001 yenyewe ni 7 mara 11 mara 13, hiyo ikariri kabisa maana utakutana nayo sana.

Sasa ichukue 720 uikate nusu: 360, 180, 90, 45, hapo imegoma, umekata mara nne. 45 ni 3 mara 3 mara 5. Andika chini: 2 zipo nne, 3 zipo mbili, halafu 5, 7, 11 na 13 moja moja. Zote namba tasa, hakuna tena cha kuvunja.

Hapa ndo patamu, kuwa makini kidogo. Kila kigawo kinatengenezwa kwa kuchagua kutoka kwenye hizo ulizoandika. Upande wa 2 unaweza usichukue hata moja, au uchukue moja, mbili, tatu, au zote nne, so una chaguo tano sio nne, na hapo ndo wengi wanateleza kwa sababu wanasahau kwamba kutochukua nako ni chaguo. Upande wa 3 chaguo tatu, hizo nyingine nne kila moja chaguo mbili, unachukua au unaacha. Zidisha sasa: 5 mara 3 ni 15, halafu 30, 60, 120, 240. Vigawo 240! Na hakuna namba yoyote ndogo kuliko hii yenye vigawo vingi hivyo, mimi hii inanifurahisha kila nikiiona. Srinivasa Ramanujan wa India alichapisha kazi ndefu kuhusu namba za aina hii mwaka 1915.

Vigawo vinakaa wawili wawili, kwa hiyo jozi ni 120, na jozi iliyokaribiana kuliko zote ni 840 na 858, zidisha uone.

Kingine, hii ndo namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa kila namba kuanzia 1 mpaka 16. Jaribu 17, inabaki 5. Ukitaka 17 nayo iingie zidisha tu kwa 17 upate 12,252,240, na 18 ilishakuwemo tangu mwanzo maana ni 2 mara 9. Zidisha tena kwa 19 inakuwa 232,792,560, hiyo inakufikisha mpaka 20.