Nani Anakula Mfupa wa Taya?

REHEMA: Haya, swali limekuja mara nyingi mno: nikipiga mswaki natema damu, je, nipaache pale panapouma? Kaka Salim, wewe ndiye wa meno.

SALIM: Usipaache. Pale ndipo ukoga ulipojazana, na ukipaacha damu itazidi. Mwaka 1965 huko Aarhus, Denmark, mtafiti wa meno Harald Löe na wenzake waliwaambia watu 12 wenye fizi nzima waache kabisa kusafisha meno. Wengi wao walikuwa wanafunzi wa udaktari wa meno, wenyewe wanajua kinachokuja! Kati ya siku 10 na 21, wote fizi zimevimba. Waliposhika tena mswaki, ndani ya wiki hivi zikapona.

REHEMA: Hakuponyoka hata mmoja?

SALIM: Hata mmoja.

REHEMA: Kwa hiyo fizi nzima ni ile iliyotulia tu, hakuna kinachoendelea.

SALIM: Aa, kinaendelea sana. Seli za ufizi zinazogusana na jino hutoa kemikali ya kuita, interlukini-8. Karibu na jino ni nyingi, ndani zaidi ni kidogo. Sasa seli nyeupe za damu, hizi nyutrofili, zinatoka mshipani na kuifuata mpaka kwenye kijifereji kati ya jino na ufizi. Usiku na mchana, kama askari wa zamu, na wewe husikii lolote.

REHEMA: Sasa fizi zinaharibikia wapi?

SALIM: Ukoga ukikaa, wanaongezeka bakteria wasiopenda hewa. Vipande vya maganda yao vikigusa seli zetu, seli zinamwaga kemikali za kuwasha uvimbe, interlukini-1 na nyenzake, mishipa inatanuka, ufizi unakuwa mwekundu, damu inatoka. Hapo bado unaweza kupona kabisa. Ila kuna mmoja mjanja, Porphyromonas gingivalis. Huyu anaizima ile interlukini-8, nyutrofili zinakosa njia, na bakteria wenzake wanastawi.

REHEMA: Halafu anakula mfupa.

SALIM: Hapana, dada! Mfupa unaliwa na seli zetu wenyewe. Seli za kinga zilizojazana kwenye ufizi mgonjwa hutoa protini iitwayo RANKL, nayo huziamsha osteoklasti, seli zinazoyeyusha mfupa. Kwa kawaida kuna protini nyingine, osteoprotegerini, inayoidaka RANKL kabla haijafika. Uvimbe ukidumu, RANKL inakuwa nyingi kuliko ya kuidaka. Jino linaanza kucheza.

REHEMA: Mbona babu yangu mswaki alikuwa hana habari nao, na meno yake mpaka leo anatafuna miwa?

SALIM: Wapo. Löe huyohuyo aliwafuatilia vibarua 480 wa mashamba ya chai Sri Lanka kuanzia 1970, wanaume wasiosafisha meno kwa njia yoyote. Ukoga wote wanao, fizi zote zimevimba. Lakini asilimia 8 ugonjwa uliwaendea mbio, 81 ukaenda wastani, na 11 haukuvuka fizi. Uchafu mmoja, miili imeujibu tofauti.

REHEMA: Basi Babu ni wa ile 11.

SALIM: Huenda. Ila mwenye kisukari asijipe moyo kwa Babu. Sukari ikipanda uvimbe wa fizi unazidi, na uvimbe nao unaifanya sukari isishuke vizuri. Akija kwangu na jino linalocheza, namuuliza kwanza kipimo chake cha mwisho kilisomaje.